Kidoa Nilichokikata Kwenye Picha ya Ukungu

Hili jambo nimekaa nalo karibu miaka miwili bila kumsimulia mtu zaidi ya mke wangu na wenye jambo lenyewe, na hata mke wangu aliliona usoni kwangu kabla sijamsimulia, nilipoingia mlangoni, kwa hiyo mkiona nasitasita mnivumilie, maana hata kabla sijaanza masikio yameshapata moto na mikono sijui niiweke wapi. Watu wengi hapa Geita wanajua kipande tu, kwamba Deo wa droni alifukuzwa kwenye uzinduzi wa loji. Sikufukuzwa. Nilikimbia mwenyewe, kwa mlango wa jikoni, mtu mzima na suti yangu ya kuazima, nikaacha kompyuta, nikaacha begi, na nikaacha kiatu kimoja kwenye tope la maji ya kuoshea vyombo.

Kazi yangu ni picha. Nilianzia Nyarugusu, nazunguka kwenye machimbo na kamera shingoni, nawapiga wachimbaji wakitoka shimoni wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wanataka picha za kutuma nyumbani waonekane wazima na wana kazi. Baadaye nikafungua studio mjini, paspoti, harusi, kipaimara, mambo ya kawaida. Halafu nikanunua droni, na hapo ndipo kichwa kilipovimba. Mwanzoni niliirusha juu ya machimbo, watu wakanijia juu kwamba napima eneo lao nilipeleke kwa wakubwa (kibali ninacho, lakini jaribu kumwonyesha kibali mtu aliyeshika sururu), nikaona heri nihamie ziwani, huko samaki hawalalamiki.

Na huko ziwani nikakutana na ukungu. Sijui niwaelezeje. Ukilitazama Ziwa Victoria ukiwa umesimama ufukweni asubuhi ya baada ya mvua, unaona weupe tu, kama mtu kakuwekea shuka usoni. Lakini ukipanda juu na droni, mita themanini hivi, unaliona shuka lenyewe limetandazwa, limechanika hapa na pale, na kwenye michaniko maji yanang'aa kama bati jipya, mafunjo yamesimama kwenye ukingo kama nywele, na visiwa vinachungulia vichwa tu. Nikawa mgonjwa wa hiyo kitu. Nikajifunza kupanga picha, ufukwe ukae wapi, anga ichukue kiasi gani, jicho la mtazamaji liingilie wapi na litokee wapi. Nilikuwa na msemo wangu wa kujidai, nawaambia hata wateja wa paspoti ambao hawajaniuliza: picha nzuri haipigwi, inakatwa. Maana yake unapiga kubwa, halafu unakaa mezani unaondoa kila kinachosumbua jicho, mpaka kinabaki kile unachotaka watu waone. Niliuona msemo mzuri sana. Sasa hivi nikiukumbuka natamani kumzaba kibao aliyeusema.

Siku yenyewe ilitanguliwa na usiku wa mvua kubwa na upepo. Nilikuwa nimelala gesti ya kijiji kimoja cha wavuvi (jina sitalitaja, kwa heshima ya wafiwa), na nilifurahi kusikia mabati yanavyopigwa, nikajua kesho ukungu utakuwa wa kunywa na kijiko. Kabla ya saa moja asubuhi nilishapanda kwenye kilima cha mawe juu ya maji, peke yangu, nimevaa koti, nikairusha droni. Na kweli, sijawahi kuona asubuhi kama ile. Nilikuwa naongea peke yangu. "Oyoo! Hii sasa! Hii ndiyo yenyewe!"

Betri ilikuwa imeshaanza kupiga kelele kwamba irudi nyumbani nilipoipata ile picha. Ghuba yote, mafunjo upande wa kulia, kisiwa kimoja kwa mbali, na ukungu umejikunja katikati kama moshi wa ubani. Kwenye kona ya chini kushoto kulikuwa na kidoa cha rangi ya chungwa. Kidogo, kwenye kioo cha simu kilikuwa kama chembe ya pilipili iliyodondoka. Nilikiona. Nataka niseme wazi, maana baadaye watu walinitafutia visingizio kwamba huenda sikukiona, lakini nilikiona, tena nilikiona kinacheza, kinapunga, nikajua ni mvuvi yuko kwenye mtumbwi. Wavuvi wote wakisikia droni wanapunga, ni kawaida, na mimi nilikuwa na mtindo wangu wa kuwajibu, naichezesha droni kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayetikisa kichwa kuitikia salamu. Basi nikamchezeshea. Kushoto kulia. Halafu nikapiga picha, nikaigeuza droni, ikarudi, nikaifunga kwenye begi, nikawasha pikipiki nikaondoka zangu nikipiga mluzi.

Mchana nikiwa studio nikaifungua kwenye kompyuta. Ilikuwa picha ya maisha yangu, kasoro kile kidoa. Mnajua picha ikiwa ya kijivu na fedha tupu, halafu pakawa na chembe moja ya rangi kali, jicho halina hiari, linakimbilia pale. Unaangalia kisiwa, jicho linarudi kwenye kidoa. Nikasema huyu jamaa naye, kavaa rangi ya nini ziwani. Nikashika pembe ya fremu nikaivuta ndani kidogo, vidole viwili tu upande wa kushoto na kimoja chini, kidoa kikatoka nje. Sikukikuza kukiangalia. Ilikuwa kubonyeza mara mbili tu nikione vizuri, sekunde moja, lakini nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Nikaweka jina langu kwenye kona, nikaituma mtandaoni, na kabla ya jioni ilishafika Shinyanga, Kahama, Mwanza, watu nisiowajua wakaiweka kwenye stetasi zao na maneno ya Mungu fundi. Simu iliwaka moto.

Siku kama nne au tano baadaye nikaona watu wanaiweka tena lakini safari hii na maneno mengine: pumzika kaka, ziwa limetutenda, na mshumaa pembeni. Nikauliza, nikaambiwa kuna mvuvi wa kule alizama usiku wa ile mvua, wamemtafuta upande wa visiwani, wamemkuta kwenye mafunjo. Nikasema masikini, pole yao. Na kweli nilisikitika, sikatai, lakini mniruhusu niseme na lile lililo baya: pembeni ya masikitiko nilifurahi kidogo kwamba jina langu bado liko kwenye kona na hawajalifuta. Ndivyo nilivyokuwa.

Miezi mitatu ikapita. Akanipigia Mzee Bundala, aliyekuwa mnunuzi wa dhahabu zamani, sasa kajenga loji nzuri kwenye ufukwe wa kijiji kilekile. Aliiona picha, akataka ichapwe kubwa kama mlango, itundikwe mapokezi, mgeni akiingia tu akutane nayo. Nikaichapa. Akaniita na kwenye uzinduzi, mchana wa Jumamosi, kuna wageni kutoka mjini, viongozi wa kijiji, mchungaji, majirani, watu kama mia hivi ukumbini, na pilau inanukia. Mzee Bundala akanishika bega akanipeleka mbele.

"Huyu ndiye mwenye picha," akasema kwenye kipaza sauti. "Kijana wetu. Hebu Deo, waeleze watu uliipataje, maana mimi nimezaliwa hapa na ziwa langu sikuwahi kuliona hivyo."

Hapo ningeweza kusema asanteni, Mungu awabariki, nikakae nile. Lakini nilikuwa nimekuja na kompyuta, na runinga ya ukutani ilikuwa kubwa, na suti ya watu ilikuwa imenikaa vizuri. Nikaamua niwape somo.

Nikaunganisha waya, nikaweka picha nzima, ile ambayo haijakatwa. Nikawaeleza ukungu, nikawaeleza mafunjo, wakawa wanaitikia, wengine wanapiga picha runinga. Nikajiona profesa. Kisha nikasema, "Sasa siri ya kazi hii ni kukata. Mnaona kile kidoa pale kwenye kona? Huyo ni mvuvi. Tena jamaa alinipungia mkono, na mimi nikamchezeshea droni, hivi," nikaonyesha kwa mwili, kiuno kushoto, kiuno kulia, "tukasalimiana vizuri kabisa, halafu nilipofika nyumbani nikamkata!"

Wakacheka. Ukumbi mzima ukacheka. Kile kicheko mpaka leo nakisikia.

"Hebu tumwone huyo uliyemkata," akasema mtu wa mbele, kwa utani tu, na mimi kwa utani nikakuza. Mara ya kwanza kikawa kidoa kikubwa. Mara ya pili kikawa mtu. Alikuwa kavaa kizibao cha kung'aa, kama vile wanavyovaa wafanyakazi wa migodini, chenye mistari mieupe kifuani. Nikakuza mara ya tatu ili kionekane vizuri, na mkono wangu ulikuwa umeshabonyeza kabla macho hayajaelewa yanachokiona.

Hakuwa amekaa kwenye mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa umepinduka, tumbo juu, mweusi kama maji yenyewe ndiyo maana kwa mbali hauonekani, na yeye alikuwa amelala juu yake kifudifudi, miguu iko majini, mkono mmoja umekumbatia mbao na mwingine umenyooka juu. Uso ameuinua juu. Umeelekea kwangu.

Watu walikuwa bado wanamalizia kicheko, mnajua kicheko cha watu wengi hakikatiki mara moja. Nyuma kabisa, kwenye mlango wa jikoni, kukasikika sinia linaanguka.

Alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, kavaa aproni, mmoja wa wapishi wa loji. Pilau ilikuwa imemwagika miguuni kwake na hakuiangalia. Alikuja katikati ya viti, taratibu, watu wakimpisha, mpaka karibu na runinga, akanyoosha kidole lakini hakuigusa.

"Hicho kizibao ni cha Baba Kulwa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama mtu anayetambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. "Alikuja nacho kutoka kibaruani mgodini. Mkanda wa bega nilishona mimi, kwa uzi mwekundu."

Na kweli pale begani palikuwa na kitu chekundu.

Mzee Bundala akawahi, "Zima. Deo, zima hiyo kitu."

"Msizime," yule mama akasema. Kisha akanigeukia. "Hii picha umeipiga lini?"

Nikamwambia siku.

"Saa ngapi?"

Saa imeandikwa kwenye picha, siwezi kuibadilisha. "Saa moja na dakika kumi na mbili. Asubuhi."

Akaigeukia tena runinga. Nadhani ukumbi mzima ulikuwa umeshaelewa isipokuwa mimi, mimi bado nilikuwa nahesabu. Akasema, safari hii kwa sauti ndogo zaidi, "Mimi waliniambia alikufa usiku. Waliniambia ni upepo wa kwanza tu, hakuteseka. Saa moja mimi nilikuwa nakoka moto. Alikuwa mzima saa moja?"

Na mimi, jamani, Mungu anisamehe, nilijibu. Mtu mwenye akili angepiga magoti, angenyamaza, lakini mimi mdomo ukafunguka wenyewe nikaanza kusema kwamba mama, unajua kutoka mita themanini, kioo cha simu ni kidogo, na mwanga ulikuwa unarudi, na ukubwa wa faili... Nilisema neno faili. Mbele ya mjane. Nikaliona likitoka na sikuweza kulirudisha.

Hapo ndipo mwanamume mmoja alipoinuka kwenye viti vya kati, mrefu, kavaa shati jeupe la kanisani, baadaye nikamjua kwamba ni Luhende, kaka wa marehemu. Hakupiga kelele. Alisema, "Ulimchezeshea," na akafanya kama nilivyofanya mimi, kiuno kushoto, kiuno kulia, taratibu, huku ananiangalia. "Ulimchezeshea hivi. Akajua umemwona."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naapa mpaka sekunde ile sikuwa nimelifikiria. Kwamba yule mtu, baada ya usiku mzima juu ya ule mtumbwi, aliona kitu kinakuja angani, akanyanyua mkono, kikamwitikia, kikaondoka kuelekea nchi kavu. Aliona habari zake zimefika. Akakaa akisubiri.

Wanawake wakaanza kulia, kwanza mmoja kule jikoni, kisha wote, na Mama Kulwa akakaa chini sakafuni mbele ya runinga, bila kulia, anaangalia tu. Mchungaji akasimama aombe, hakuna aliyemsikia. Na mimi nikafanya lile nililowaambia, nikakimbia. Nikapita kati ya masufuria, nikakanyaga tope la nje, kiatu kikanaswa, nikakiacha humohumo nikapanda pikipiki na soksi. Niliendesha hivyohivyo mpaka nyumbani.

Mke wangu, Mama Shija, alifungua mlango akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ile soksi. Nikamweleza kwa vipande. Nilitegemea aniambie si kosa lako, ungejuaje. Alininyima hilo, na leo namshukuru. Akasema tu, "Kesho tunakwenda."

"Wataniua."

"Basi wakuue. Ukibaki humu ndani mtaishije wawili, wewe na hiyo picha?"

Tulikwenda. Tulipitia loji kwanza kuchukua kompyuta (Mama Shija alinilazimisha niingie mwenyewe). Ukumbi ulikuwa haujafagiliwa. Picha ile kubwa ya mapokezi ilikuwa imeshateremshwa, imegeuzwa uso ukutani. Runinga walikuwa wameifunika kwa kanga, na nilipoifunua nikakuta bado inawaka, Malimi, ndilo jina la marehemu, bado yuko pale kanyoosha mkono. Hakuna aliyethubutu kumzima. Mhudumu aliniambia Mama Kulwa alikaa naye hapo mpaka ndugu walipokuja kumwinua. Nikaifunga kompyuta mimi. Nimefanya mambo mengi kwa mikono hii, lakini lile la kuibonyeza izime sijui kama nitalisahau.

Nyumbani kwa wafiwa walikuwa wamekaa uani, Luhende, wazee wawili wa ukoo, na Mama Kulwa kwenye mkeka, pacha wake wawili, Kulwa na Doto, wamemwegemea huku na huku, mabinti wadogo wa miaka kama saba. Nikawaamkia wazee, shikamoo zangu zikaitikiwa nusu. Mama Shija akapiga goti, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akajibiwa, na kwa sababu yake tukapewa viti. Nikasema niliyokuja kusema. Sikueleza vioo wala betri. Nilisema nilimwona, nikadhani ananisalimia, sikusogea, nikaenda kumkata ili picha ipendeze, na jana nikawachekesha watu kwa habari yake. Nikasema sina cha kuwaambia zaidi ya hicho.

Luhende akaongea kwanza. Alikuwa na hasira ya kuchoka, ile ambayo haina tena nguvu ya kuinuka.

"Sisi tulitoka alfajiri na mitumbwi, tukaenda upande wa visiwani, kwa sababu upepo wa usiku ulikuwa unasukuma huko. Siku nne tunatafuta huko. Kumbe alikuwa ghubani, nyuma ya mgongo wetu. Pale kwenye mawe ulipokuwa umesimama, chini yake kuna watu wanaanika dagaa. Mitumbwi inalala pale. Ungepiga kelele tu, Deo. Hata ungepiga kelele kwamba kuna mvuvi anakupungia, wao wangejua."

Nikasema ndiyo.

"Hiyo picha uliyoikata," akaendelea, "mimi mwenyewe niliiweka kwenye simu yangu. Siku ya msiba. Nikaandika pumzika mdogo wangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Sasa nataka uifute. Kila mahali."

Ikabidi nimwambie ukweli kwamba siwezi, kwangu nitaifuta, lakini imeshakwenda kwenye simu za watu ambao hata siwajui. Mzee mmoja wa ukoo akatikisa kichwa, akasema polepole, kwa hiyo hata kosa lako lenyewe huwezi kulikamata.

Hapo Mama Kulwa akaongea.

"Alipunga mkono mmoja au miwili?"

Sikuelewa. Akanieleza, bila kuinua sauti, kwamba ziwani mtu akikupungia mkono mmoja ni salamu, akipunga miwili ni anaomba msaada, kila mtu wa hapa anajua, hata watoto hawa wanajua.

"Mmoja," nikasema. "Wa pili alikuwa ameshikia mtumbwi."

Akatikisa kichwa kuitikia. Mkono wake ulikuwa unampapasa Doto kichwani, kwenda na kurudi.

"Basi hata mimi ningedhani ananisalimia," akasema.

Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia. Ni kama mtu aliyekaa chini ya mzigo halafu mtu mwingine, ambaye ndiye mwenye haki ya kumwongezea, akaunyanyua kidogo upande mmoja. Nikashindwa kujizuia nikalia, mwanamume mzima, mbele ya wazee na watoto wa watu. Lakini hakuwa amemaliza. Alinisubiri nifute macho, akaniangalia vizuri, na kwa upole uleule akasema:

"Lakini ningesogea nimwone ni nani."

Mama Shija alininong'oneza kwamba hilo ndilo tutakalorudi nalo nyumbani, na tusiombe lingine. Hatukuomba. Kabla hatujaondoka Mama Kulwa alitaka kitu kimoja, kile kipande, kona yenyewe tu, kichapwe. Luhende hakupenda, wazee hawakupenda, wakasema mume wako usimweke ukutani katika hali hiyo, lakini alisema hataki kukiweka ukutani, anataka awe nacho tu, kwa kuwa watu wote wa nyumba hii walimzika yule mtu wakidhani hakumsubiri mtu, na yeye sasa anajua alisubiri. Nikakichapa. Nilikaa nacho studio siku nzima, kila nikijaribu kukisafisha ukungu mikono inakataa, mwisho nikakiacha kama kilivyo, nikampelekea kwenye bahasha. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akaingia ndani. Sijui alikiweka wapi na sijawahi kuuliza.

Bado anapika kwenye loji ile. Nikipita kijijini kwao huwa namwamkia, huwa ananiitikia, basi, tunaishia hapo. Luhende hajawahi kuniitikia na simlaumu.

Mtaniuliza kwa nini sikuiuza ile droni. Niliitangaza, mteja akaja, nikashindwa kuitoa mkononi. Naendelea kuirusha, hata ukungu naendelea kuupiga, sitawadanganya kwamba niliacha. Ila nimejiwekea sharti moja ambalo limenifanya niwe mpiga picha wa ovyo kuliko wote huku kanda ya ziwa. Nikiona kitu chochote kwenye maji, kiwe kidogo kiasi gani, naacha picha, naishusha droni karibu nacho mpaka nijue ni kitu gani. Mwanga mzuri unapita, ukungu unayeyuka, betri inakwisha. Mara nyingi ni ndege. Mara nyingi ni gogo. Siku nyingine ni mvuvi amekaa zake anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki, anashtuka, anaitukana mashine yangu na mama yangu kwa sauti inayofika mpaka nilipo. Huwa nabaki hapo juu yake dakika nzima, namwacha anitukane mpaka atosheke, ndipo narudi.